Kinga isiyo na freni: kile damu ya wagonjwa wa SEP inaonyesha

Kwenye soko la Virunga kule Goma, ao Kadutu kule Bukavu, mtu hatembei mbali bila kukuta muuzaji wa dawa ya "kuongeza kinga". Kwa mmoja ni unga, kwa mwingine ni majani, ni chupa ya maji yenye rangi ya chai, ni vidonge ambavyo karatasi yake hakuna anayeweza kuisoma. Tangu Ebola, kiisha Covid, kiisha mpox, lile neno limeingia kila nyumba: kinga imeshuka, inapashwa kupandishwa. Na mbele ya magonjwa hayo yote, ukimwi ulikuwa umekwisha kuwafundisha watu hesabu yenyewe: kinga nyingi ni uzima, kinga kidogo ni kifo.

Ile hesabu ni nusu ya ukweli. Nusu ingine ndiyo iliyopewa Tuzo ya Nobel ya tiba tarehe 6 Oktoba 2025 kule Stockholm. Waliopewa ni watatu: Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, pamoja na Shimon Sakaguchi wa Japani. Walionyesha namna mwili unavyoizuia kinga yake isiushambulie mwili wenyewe. Redio nyingi zilisoma habari hiyo kwa sekunde chache, katikati ya habari za vita, na hakuna wa kuzilaumu. Ramsdell mwenyewe alikuwa anatembea milimani, mbali na mtandao, na alichelewa kusikia kwamba ameshinda.

Kati ya magonjwa ambayo uvumbuzi huo unasaidia kueleweka, upo mmoja ambao wanganga wa Congo wanauita kwa Kifaransa sclérose en plaques, kwa ufupi SEP. Katika damu ya wagonjwa wa SEP watafiti wamepima ile freni ya kinga, na wameikuta imelegea. Hapo ndipo neno "ongeza kinga" linaanza kuwa gumu.

Ganda la waya

Mishipa ya fahamu ya mtu ni kama waya wa umeme. Ndani kuna uzi unaopitisha habari, inje kuna ganda la mafuta linaloitwa mielini. Mkaaji wa Goma ao wa Bukavu amekwisha kuona waya ambao plastiki yake imeliwa na jua na mvua: taa inawaka, inazimika, inawaka tena kidogo, kiisha siku moja kila kitu kinazimika. Katika SEP ganda linaliwa vilevile, lakini mlaji ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili wenyewe. Wanaingia katika ubongo na uti wa mgongo na kulipiga ganda kama vile lingekuwa adui. Fasi walipopiga panabaki kovu gumu. Jean-Martin Charcot, munganga wa hospitali ya Salpêtrière kule Paris, alieleza makovu hayo mwaka wa 1868, na jina la Kifaransa linatoka hapo: viraka vilivyokuwa vigumu.

Dalili zinafuata fasi waya ulipoharibika. Mtu anaamka, jicho moja linaona kama kwenye moshi. Mwingine vidole vinakufa ganzi, mwingine mguu unakokota, mwingine hawezi tena kuzuia mkojo. Uchovu unakuwa mkubwa kupita kazi iliyofanywa, na joto linauzidisha. Kiisha, baada ya wiki chache, dalili zinapungua zenyewe. Mgonjwa anarudia kazi, na jamaa wanasema maombi ao dawa ya miti imejibu. Miezi sita mbele, ao miaka miwili, ugonjwa unarudi fasi ingine ya mwili.

Kule kwenda na kurudi ndiko kunakofanya SEP iwe nyepesi kuitwa uchawi. Katika Kivu, kijana akilegea bila kuanguka wala kupata homa, neno la kwanza linaweza kuwa karuho, ile sumu ambayo watu wanasema jirani ao mke mwenza aliitia kwenye chakula. Nyumba inaanza kugawanyika hata mbele mgonjwa hajapimwa kitu chochote.

Hesabu ya kimataifa ya mwaka wa 2020 ilitaja watu karibu milioni 2.8 wenye SEP duniani. Wanawake ni mara mbili ya wanaume ao zaidi, na wengi wanaanza kuumwa kati ya miaka 20 na 40. Ugonjwa ni mwingi Ulaya ya Kaskazini na Amerika ya Kaskazini, unapungua kadiri mtu anavyokaribia ikweta. Ule mstari wa ikweta unapita Kivu ya Kaskazini, karibu na Butembo. Lakini neno "wachache" hapa lina maana mbili: wachache kweli, na wachache waliohesabiwa. Ili munganga aseme kwa uhakika kwamba hii ni SEP, anahitaji picha ya ubongo ya mashine ya IRM na mtu aliyesomea magonjwa ya mishipa ya fahamu. Tangu kiwanja cha ndege cha Goma kifungwe Januari 2025, safari ya kwenda kupiga picha kama hiyo Kinshasa imekuwa ndefu zaidi, na wenye feza wanaangalia Kigali ao Kampala. Asiye na feza anabaki na jina lolote ambalo kijiji kimempa ugonjwa wake.

Panya wa Oak Ridge

Hadithi ya freni inaanza na panya. Katika miaka ya 1940, kule Oak Ridge, jimbo la Tennessee, watafiti wa Marekani walikuwa wanafuga panya ili kuchunguza madhara ya mionzi. Oak Ridge ni muji uliojengwa kwa ajili ya kutayarisha uranium ya bomu la atomiki, na sehemu kubwa ya uranium ya kazi hiyo ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga. Congo ilikuwa imekwisha kuingia katika habari hii bila mtu kuijua.

Kati ya panya hao, walianza kuzaliwa madume wenye ngozi ya magamba. Wengu wao ulivimba, tezi zilivimba, na walikufa baada ya wiki chache. Hakukuwa na mdudu aliyewaua. Chembe zao nyeupe zilikuwa zinaharibu viungo vyao wenyewe. Iliwachukua watu zaidi ya miaka 50 kujua sababu. Brunkow na Ramsdell, waliokuwa wanafanya kazi katika kampuni ya dawa karibu na Seattle, walitafuta jeni moja iliyoharibika katika kromosomu ya X, kipande kwa kipande, kwa mashine za wakati ule ambazo leo zingechekesha. Mwaka wa 2001 walitangaza kwamba wameipata. Inaitwa FOXP3. Mwaka uleule ilionekana kwamba watoto wa kiume wanaozaliwa na FOXP3 iliyoharibika wanapata ugonjwa mkali unaoshambulia matumbo, ngozi na tezi nyingi, na wengi wao wanakufa wadogo wasipopata matibabu.

Sakaguchi alikuwa amefika karibu na jambo lilelile kwa njia ingine. Mwaka wa 1995 alionyesha kwamba kati ya chembe nyeupe kuna kundi dogo ambalo kazi yake ni kuzuia chembe zingine. Miaka michache baadaye, yeye na wengine wakaonyesha kwamba FOXP3 ndiyo inayolifanya kundi hilo liwe vile lilivyo.

Katika inchi iliyojaa wenye bunduki, mfano hauko mbali. Askari wa kawaida wa damu anatafuta adui na kumpiga. Kundi la Sakaguchi ni kama PM, polisi ya jeshi: hakutumwa mbele, ametumwa kumkamata askari anayepiga raia. FOXP3 ni amri inayomfanya mtu awe PM. Amri isipoandikwa, hakuna PM. Na jeshi lisilo na PM, wakaaji wa Mashariki hawahitaji kuelezwa linafanya nini.

Waliposoma damu

Kila chembe ya mwili inabeba kitabu kilekile, chenye jeni karibu 20,000. Chembe ya jicho na chembe ya ini hazitofautiani kwa kitabu. Zinatofautiana kwa kurasa wanazofungua. Ukurasa ukisomwa, chembe inaandika nakala ndogo ya ARN. Kuhesabu nakala hizo ni kujua ni jeni gani inafanya kazi na kwa nguvu gani. Teknolojia yake si geni huku: ni jamaa ya PCR, ile ya Covid iliyoombwa mipakani, na ya mashine za GeneXpert zinazotafuta kifua kikuu na Ebola.

Mwaka wa 2004, watafiti wa Boston waliokuwa na David Hafler walichukua damu ya wagonjwa wa SEP na ya watu wazima wa afya, wakatenga wale PM, wakawaweka pamoja na askari wa kawaida katika maabara. Hesabu ya PM ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Lakini PM wa wagonjwa walishindwa kutuliza askari kama walivyoweza wale wa watu wasio na ugonjwa. Mwaka uliofuata, watafiti wa Portland, jimbo la Oregon, wakapima FOXP3 yenyewe na kukuta nakala zake zimepungua katika chembe za wagonjwa. Ugonjwa ulikuwa umepata alama ndani ya damu, fasi ambapo sindano moja inaweza kufika.

Kiisha Wabelgiji wa chuo cha Hasselt wakaleta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Walipima wagonjwa ambao SEP yao inakuja na kwenda, na wale ambao wamepita hatua hiyo na sasa wanadhoofika polepole bila kupumzika. Mtu angefikiria kwamba wale wa pili, walio na hali mbaya zaidi, ndio wenye freni mbovu zaidi. Ikawa kinyume. FOXP3 ilikuwa chini kwa wale wa hatua ya kwanza, na kwa wale wa pili ilikuwa karibu ya kawaida. Watafiti wengi leo wanaeleza hivi: kulegea kwa freni ni habari ya miaka ya kwanza, wakati askari wanatoka kwenye damu na kuingia ubongoni kwa mawimbi. Baadaye uharibifu unaendelea ndani ya ubongo wenyewe, nyuma ya mlango uliofungwa, na damu haitoi tena habari yake. Ndiyo sababu dawa nyingi za SEP zinasaidia zaidi zikianzishwa mapema, na ndiyo sababu mgonjwa aliyezunguka miaka mitano kati ya vyumba vya maombi na waganga wa miti amepoteza ule wakati ambao ulikuwa na faida.

Kwa nini freni inalegea? Sehemu moja ni urithi. Mwaka wa 2007 ilionekana kwamba mabadiliko madogo katika jeni iitwayo IL2RA yanaongeza kidogo hatari ya kupata SEP. Jeni hiyo inatengeneza kitu kama antena ambayo PM anaitumia kupokea habari. Mwaka wa 2019, kazi kubwa ya kimataifa ililinganisha wagonjwa 47,429 na watu 68,374 wasio na SEP, ikahesabu fasi zaidi ya 230 katika kitabu cha jeni ambazo kila moja inasukuma kidogo. Hakuna jeni moja ya SEP, na mtoto harithi SEP kama vile anavyorithi rangi ya macho. Jambo ambalo halisemwi kwa sauti kubwa: damu hizo zilikuwa za watu wenye asili ya Ulaya. Kile kitabu kinasema kwa Mnande, kwa Mushi ao kwa Muhavu, hakuna aliyekisoma kwa ukubwa huo.

Wastani si mtu

Mtu akiuzishwa kesho kipimo cha "jeni za kinga" cha kugundua SEP, anaweza kuweka feza yake mfukoni. Matokeo ya Boston, Portland na Hasselt ni tofauti kati ya makundi. Ndani ya kila kundi wapo watu wazima wa afya wenye FOXP3 ya chini, na wagonjwa wenye FOXP3 ya juu. Hakuna mstari ambao upande huu ni ugonjwa na upande ule ni uzima.

Kuna tena ugumu wa nguo. Kwa mtu, tofauti na panya, askari wa kawaida anaposhtuka vitani naye anafungua ukurasa wa FOXP3 kwa muda mfupi. Mashine inayohesabu nakala katika damu nzima haiwezi kumtofautisha PM wa kweli na askari aliyeazima kofia yake. Kwa sababu hiyo matokeo ya maabara mbalimbali yamegongana mara nyingi, hasa pale dawa ambazo mgonjwa alikuwa anameza zilikuwa zimekwisha kubadilisha damu. Na damu ni barabara tu. Vita viko ubongoni.

Hata hivyo kipimo cha aina hiyo kina fasi moja ambapo kimekuwa na kazi ya kweli. Interferoni beta, sindano ya SEP iliyokubaliwa Marekani mwaka wa 1993, inafanya chembe za damu zifungue jeni iitwayo MX1. Kwa wagonjwa wengine mwili unaanza kutengeneza silaha dhidi ya dawa yenyewe. Munganga akipima na kukuta MX1 imenyamaza, anajua kwamba sindano zinaingia bure na inafaa kubadilisha. Kipimo hakisemi mtu ana ugonjwa gani. Kinasema dawa inafika ao haifiki.

Siku walipoiongeza kinga

Wale wanaouzisha dawa za kinga hawajui kwamba swali lao limekwisha kujaribiwa, kwa wagonjwa wa SEP, na kwa dawa yenye nguvu kuliko chai yoyote. Mwaka wa 1987, wanganga wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la interferoni gama, jamaa ya ile beta lakini yenye tabia tofauti: gama inaamsha askari. Wakati ule wengi walifikiri SEP ni virusi iliyojificha, basi kuamsha kinga kungeiondoa. Wagonjwa walikuwa 18. Kati yao 7 walishikwa na mashambulizi mapya ya ugonjwa wakati wa matibabu. Jaribio likaachwa. Kwa watafiti wengi huo ulikuwa ushahidi mkubwa kwamba ndani ya SEP askari hawalali. Wameamka kupita kipimo.

Kuna waliojaribu upande wa pili, kuongeza freni, na hapo pia walipigwa. Machi 2006, kule London, wanaume sita wenye afya walikubali kupokea dawa mpya ya majaribio iliyoitwa TGN1412. Kwa wanyama ilikuwa imezidisha wale PM vizuri, na kampuni ilikuwa na tumaini la kuitumia kwa magonjwa ya kinga kama SEP na yale ya viungo. Kwa watu ilifanya kinyume. Katika saa chache askari wote waliamka pamoja, wanaume wote sita wakalazwa na viungo vya ndani vikishindwa kufanya kazi. Hakuna aliyekufa, lakini mmoja alipoteza vidole vya miguu na sehemu ya vidole vya mikono. Tangu siku ile hakuna anayewapa watu sita dawa ya namna hiyo kwa siku moja.

Je, tangawizi, artemisia ao mlonge vinaweza kuleta SEP? Hapana, hakuna ushahidi huo, na kumwogopesha mama anayekunywa chai yake hakuna faida. Jambo ni lingine: mgonjwa wa SEP anayeambiwa "kinga yako imeshuka" ameelezwa ugonjwa wake kinyume, na kila franga anayoitoa kwa kuipandisha inakwenda upande usiofaa.

Minyoo kama freni

Kuna utafiti mmoja ambao unagusa Mashariki kuliko yote, ijapokuwa ulifanyika Argentina. Jorge Correale na Mauricio Farez, wanganga wa Buenos Aires, walikuwa na wagonjwa 12 wa SEP ambao walipata minyoo ya tumbo. Hawakuwapa dawa ya minyoo, kwa sababu hawakuwa na shida nayo, wakawafuata kwa zaidi ya miaka minne pamoja na wagonjwa wengine 12 wasio na minyoo. Mwaka wa 2007 walitangaza: wenye minyoo walipata mashambulizi 3 kwa jumla, wasio na minyoo 56. Katika damu ya wale wa kwanza, PM wenye FOXP3 walikuwa wengi zaidi. Baadaye wanne kati yao walianza kuumwa na tumbo na wakapewa dawa. Minyoo ikatoka, freni ikashuka, SEP ikarudi.

Maelezo yake yana akili. Mnyoo unaotaka kuishi miaka ndani ya tumbo la mtu unapashwa kumtuliza mwenye nyumba. Unaongeza PM kwa faida yake wenyewe, na raia wengine wa mwili wanapata amani hiyo bila kuiomba. Wengine wanafikiri hii ni sababu moja ya SEP kuwa chache katika inchi ambazo watoto wanakua na minyoo.

Wazungu hawakuchelewa kujaribu. Kule Uingereza wagonjwa 71 waligawanywa: nusu walibandikwa kwenye mkono kiraka chenye viluwiluwi 25 vya mnyoo wa safura, nusu kiraka kitupu. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2020. PM waliongezeka kidogo katika damu, lakini kwenye picha za IRM tofauti ya viraka vipya haikutosha kusema dawa imefaulu. Basi mzazi wa Walungu ao wa Rutshuru asifiche mtoto siku ya kugawa mebendazole. Mnyoo wa safura unakunywa damu, na mtoto mwenye damu kidogo anashikwa na malaria akiwa dhaifu. Ile amani ambayo minyoo inaleta, watoto wa huku wanailipa bei kubwa.

Virusi iliyoanzia safari Kampala

Sababu ingine inapita karibu zaidi. Mwaka wa 1958, Denis Burkitt, munganga mpasuaji wa Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa unawaua watoto katika eneo lenye malaria nyingi. Anthony Epstein alimsikia akihutubia London mwaka wa 1961, akaomba vipande vya uvimbe huo vitumwe kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka wa 1964, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi mpya iliyoonekana ndani yake, inayoitwa leo Epstein-Barr.

Karibu kila mtu mzima duniani anayo. Tofauti ni wakati wa kuipata: mtoto wa Afrika anaipata akiwa bado anatambaa, kwa mate ya nyumbani, bila mtu kuona, katika inchi tajiri wengi wanaipata wakiwa vijana, na wengine wanaumwa sana. Mwaka wa 2022 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya kufuata askari zaidi ya milioni 10 wa jeshi la Marekani kwa miaka 20. Kati yao 955 walipata SEP. Baada ya kushikwa na virusi hiyo, hatari ya SEP iliongezeka mara 32. Hakuna virusi ingine iliyofanya hivyo. Sehemu moja ya virusi inafanana na kitu cha ubongo, na askari waliofundishwa kuikamata wanaweza kukosea nyumba. PM wenye nguvu wangewazuia. Jeni na virusi, basi, si maelezo mawili yanayoshindana: virusi inawapa askari shabaha mbaya, freni iliyolegea inawaacha wapige.

Miguu ikilegea huku

Kwa mkaaji wa Kivu ao Ituri ambaye miguu inalegea, SEP haiko mbele ya orodha. Konzo iko mbele, pale familia inakula muhogo mchungu ambao haukuloweka siku za kutosha kwa sababu watu wanakimbia vita: inashika miguu yote miwili kwa ghafla na haiji na kwenda. Kuna kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho dawa zake zipo na ni bure. Kuna virusi ya HTLV-1. Munganga anayeuliza kwanza juu ya jicho, juu ya mambo yaliyokuja na kupotea miaka ya nyuma, anaanza kutenganisha.

Hatari iliyo karibu ni kidonge cha dexa, kinachouzishwa kimoja kimoja kwenye famasi za mtaa. Dawa za jamaa hiyo zinatumika kweli wakati wa shambulizi la SEP, kwa dozi kubwa, siku chache, hospitalini. Lakini hizo zinanyamazisha jeshi lote, PM na askari pamoja. Mtu mwenye kifua kikuu kilicholala kinaamka. Mwenye ule mnyoo mdogo unaoitwa strongiloidi, ambao uko mwingi huku, unaweza kutoka tumboni na kujaza mwili mzima, na hapo watu wanakufa.

Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za SEP katika orodha yake ya dawa za lazima, kwa mara ya kwanza: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Hii ya mwisho imekuwa rahisi kidogo kwa sababu kampuni mbalimbali zinaitengeneza, na inaondoa zile chembe nyeupe ambamo virusi ya Epstein-Barr inalala. Mgonjwa anapigwa mara mbili ao hata mara moja kwa mwaka. Mbele ya sindano ya kwanza anapashwa kupimwa hepatiti B, ambayo dawa hiyo inaweza kuiamsha, na kuangaliwa kifua kikuu. Chupa yake inataka kubaki kati ya digrii 2 na 8, baridi ileile ambayo maeneo ya afya ya Mashariki yanailinda kila siku kwa ajili ya chanjo za watoto.